Vunjika Shingo, Mpenzi Wangu

Wiki ya tatu sasa, na Otylie alikuwa bado yuko palepale, kwenye mstari mmoja.

Mchezo wenyewe alikwisha kuutafsiri. Kurasa themanini na nne za vichekesho vya Kiingereza, na shangazi mwenye kelele, na mpwa mwenye haya, na baba mkwe mwenye sharubu, zote alizihamishia kwenye Kicheki kwa kalamu ya wino, juu ya meza ya jikoni, tangu Novemba mpaka theluji ilipoanza kuyeyuka. Ile mvua ya Waingereza inayonyesha paka na mbwa ilimchukua dakika mbili. Kwa Wacheki, mvua ikizidi hudondoka mikokoteni, basi akaandika mikokoteni, akanywa chai, akasonga mbele. Lakini ukurasa wa sitini na moja, jamani, ulimkaa kooni.

Pale shangazi, ambaye zamani alikuwa mwigizaji, anamsukuma mpwa wake mlangoni akaonane na baba wa mchumba, na anamwambia: "Vunjika mguu, mpenzi wangu." Mpwa anajibu: "Asante, shangazi." Basi, ndiyo hayo tu. Waingereza wakimtakia mtu heri kabla hajapanda jukwaani humwombea avunjike mguu, eti ukimwombea mema waziwazi mkosi unasikia na unakuja mbio. Wacheki nao wana lao, tena kali zaidi: wao huombeana kuvunjika shingo. Kutoa mguu na kuweka shingo si kazi ya kumnyima mtu usingizi. Kilichomnyima Otylie usingizi ni lile jibu.

Maana Mcheki wa jukwaani akishaambiwa "Vunjika shingo", na akishapigwa goti la matako kama desturi inavyotaka, hasemi asante. Hasemi! Anajibu "Shetani akuchukue!" na kila mtu anapumua. Ukishukuru, umeuita mkosi kwa jina. Katika mji mdogo wa Rokytín kuna watu wengi wasiomwamini Mungu wala serikali wala utabiri wa hali ya hewa, lakini hilo la kutoshukuru wanaliamini wote, mpaka daktari wa meno.

Na hakuna aliyelijua kwa uchungu kumzidi Otylie, kwa sababu yeye aliwahi kushukuru.

Ilikuwa miaka kumi na moja iliyopita. Wakati huo alikuwa bado anakaa dirisha namba mbili la posta, na siku ya onyesho la kwanza alifanya kazi mpaka dakika ya mwisho. Alifika ukumbi wa Sokol, ule wa chama cha mazoezi ya viungo ambamo michezo huchezwa, anahema, sare ya posta bado iko chini ya gauni la kijakazi, mdomo umechoka kwa kusema maneno yaleyale tangu asubuhi. Nyuma ya pazia alikuwa amesimama Vlasta, shoga yake tangu chekechea, na taji la kadibodi kichwani, maana yeye ndiye malkia. Vlasta akamzungukia, akampiga goti, akasema kwa furaha, "Vunjika shingo, Otka!"

Na mdomo wa Otylie, kabla kichwa hakijaamka, ukajibu, "Asante, karibu tena."

Loo! Nyuma ya pazia wote waliganda. Mmoja akacheka, kicheko kikamfia mdomoni. Sehemu ya pili ya mchezo, malkia aliporudi nyuma hatua moja kwenye ngazi ya mbao laini, ngazi ikavunjika, na mguu wa malkia nao ukavunjika, mara mbili, chini ya goti. Walimtoa kwa machela, taji bado liko kichwani.

Mguu ulipona, unasumbua tu siku za unyevu. Lililobaki ni harusi. Wiki tatu baadaye binti pekee wa Vlasta aliolewa, na Vlasta, ambaye kwa miaka miwili hakuwa na wimbo mwingine ila jinsi atakavyocheza polka ya kwanza na mkwewe, alikaa siku nzima pembeni ya meza ya keki, plasta mpaka pajani, akitazama wenzake wakicheza. Hilo hakulisamehe.

Otylie alipeleka keki hospitali, keki ikarudi na nesi, haijaguswa. Aliandika barua tano za kuomba radhi. Zilirudi zote bila kufunguliwa, na kwa kuwa barua zinazorudi zilikuwa kazi ya dirisha namba mbili, ni yeye mwenyewe aliyezigonga mhuri: irudi kwa mtumaji. Alizigonga moja moja, akazitia kwenye mkoba, akaenda nazo nyumbani.

Kwenye kundi la waigizaji hakuna aliyemfukuza. Ila aliona kwamba kabla ya kila onyesho watu hawasimami karibu naye. Basi akajishusha mwenyewe kwenye shimo la mnong'onezaji, lile tundu la mbele ya jukwaa lenye kifuniko cha mbao, ambamo mtu hukaa na maandishi mapajani akiwanong'onezea waigizaji waliosahau. Humo alikaa miaka kumi na moja. Aliwaokoa wote, daktari, mwokaji, mwalimu wa muziki. Vlasta peke yake hakumwokoa hata mara moja, kwa kuwa Vlasta hakusahau hata mara moja. Alikuwa akikariri mpaka vituo na mikato, ilimradi asihitaji kitu kutoka kwenye shimo lile.

Sasa mnaona kwa nini ukurasa wa sitini na moja ulimkwama. Shangazi ataigizwa na Vlasta, hilo halina mjadala, hakuna mwingine Rokytín mwenye sauti ya kutosha. Otylie aliandika, akafuta, akaandika, akafuta, daftari likatoboka. Siku ya ishirini na moja akaandika kwa mkono mzito:

"Vunjika shingo, mpenzi wangu."

"Shetani akuchukue, shangazi."

Akaitazama. Ilikuwa kana kwamba amesema mbele za watu. Akalifunga daftari haraka, akalipeleka kwa daktari wa meno kabla hajabadili mawazo.

Daktari Mlejnek ndiye aliyekuwa akiongoza michezo yote ya Rokytín, na aliiongoza kama anavyong'oa meno, yaani haulizwi mtu. Aliyapiga chapa madaftari yote mwenyewe, akarudufu nakala, akawaita watu kwenye chumba cha nyuma cha baa kwa usomaji wa kwanza. Bia zikaletwa, na soseji za siki na vitunguu, na usomaji ukaenda vizuri. Watu walicheka palepale alipotaka wacheke. Otylie alikuwa kwenye kona na chai yake, masikio yamewaka kwa furaha. Wakafika ukurasa wa sitini na moja.

"Vunjika mg..." akasoma Vlasta, akanyamaza.

Akaisogeza karatasi mbali kidogo, kama watu wa umri wake wanavyofanya, akaisoma tena kimya. Chumba kizima kikatazama bia zake.

"Slávek," akasema Vlasta, akimgeukia mumewe aliyekuja kwa ajili ya soseji tu. "Mwambie yule mama wa posta kwamba mzaha wake nimeuona. Mwambie ameusubiri miaka mingi na umetoka mzuri. Mguu! Na mimi ndiye niutamke! Na huyu mpwa hapa anijibu asante!"

"Anasema mzaha wake..." akaanza Slávek.

"Nimesikia," akasema Otylie, uso umemshuka. "Vlasta, mimi sikuandika mguu! Naapa sikuandika!"

Vlasta akalivaa koti, akamchukua mumewe, na mlango ukafungwa nyuma yao.

"Bwana daktari," akasema Otylie, "umefanya nini?"

"Nimesahihisha," akasema Mlejnek. "Wenye mchezo huko London wameandika, ninayo barua, neno lisibadilishwe hata moja. Mwingereza kasema mguu, nasi tutasema mguu. Mwingereza kashukuru, nasi tutashukuru."

"Kwa Kicheki hakuna mtu anayevunjika mguu!"

"Vlasta alivunjika," akasema Radim kwa upole. Huyu Radim alikuwa dereva wa trekta la kusukuma theluji, na ndiye aliyepewa mpwa kwa kuwa hakuna kijana mwingine aliyekubali kuvaa soksi ndefu. "Samahani, Bi Otylie. Ila ndivyo watu watakavyofikiri. Na mimi, bwana daktari, hilo neno la kushukuru silisemi. Nina mama mzee nyumbani."

"Utalisema," akasema daktari, "au soksi nitavaa mimi."

Otylie hakungoja wamalize. Alifika nyumbani kwake, akalichukua lile daftari lenye matobo, ambalo daktari alikwisha kumrudishia, akavuka uwanja wa soko mpaka nyumba ya Vlasta, ghorofa ya pili, akabonyeza kengele. Akafungua Slávek, na ndara miguuni.

"Mwambie nimekuja na daftari," akasema Otylie.

Slávek akageuza kichwa ndani. "Amekuja na daftari."

"Mwambie aende nalo!" ikatoka sauti ya jikoni.

"Anasema uende nalo."

"Mwambie aangalie ukurasa mmoja tu. Nimetia kitambaa chekundu. Kisha naondoka na simsumbui tena maisha yangu yote."

Slávek akalichukua daftari, akaenda nalo jikoni akiburuza ndara. Otylie akabaki kwenye mkeka wa mlangoni. Alisikia kurasa zikifunguliwa. Jirani wa juu akashuka na takataka, akamsalimu, akapanda tena, akamsalimu mara ya pili.

"Muulize," ikaja sauti hatimaye, imepoa kidogo, "mbona kafuta mara nyingi hivi. Mpwa ana maneno mawili matatu tu."

"Anauliza mbona..."

"Mwambie sikuwa nikitafuta jibu la mpwa," akasema Otylie.

Slávek alisimama katikati ya ukumbi mdogo, anatazama huku, anatazama kule. Miaka kumi na moja alikuwa akibeba maneno ya wanawake hawa wawili, na hili lilimshinda. Hakulirudia. Hapakuwa na haja.

"Mwambie shingo nitaisema," ikaja sauti. "Daktari akileta mguu wake tena, na amtafute shangazi mwingine. Basi. Zaidi ya hapo asitegemee."

"Na daftari langu?" akanong'ona Otylie.

Slávek akaenda, akarudi. "Anasema daftari linabaki," akasema, akafunga mlango kwa adabu.

Otylie alishuka ngazi na hajui kama ameshinda au ameshindwa. Kwa daktari wa meno alishinda nusu. Mlejnek, alipoambiwa kwamba hana shangazi, alikubali shingo huku anakoroma. Lakini asante alikataa katakata. "Adabu ndiyo Mwingereza mwenyewe," alisema. "Ukimwondolea asante kabaki nini?" Radim alikwenda mazoezi yote amefunga vidole ndani ya mfuko ili neno lile lisimdhuru, na kila alipolisema Vlasta alitazama dirishani. Kwa Otylie hakutazama, wala hakumpelekea neno, hata kupitia kwa Slávek.

Ikafika Jumapili ya onyesho, saa kumi alasiri, ili watu wa mashambani wawahi kukamua ng'ombe. Nje mvua ilikuwa ikidondosha mikokoteni. Ukumbi wa Sokol ulijaa mpaka ngazi za mazoezi ya viungo zilizo ukutani zikakaliwa na watoto. Otylie alipita nyuma ya pazia na taa yake ndogo na maandishi, na mle ndani magoti yalikuwa yanafanya kazi, pa, pa, vunjika shingo, shetani akuchukue, hata mwalimu wa muziki alipigwa. Walipomwona wakampisha kwa heshima na kwa woga, kama kawaida. Vlasta alikuwa anajipaka rangi mbele ya kioo. Mguu wake siku ile ulikuwa unamvuta, ilikuwa siku ya unyevu. Otylie akateremka shimoni, akakaa kwenye kiti chake chenye mto, akawasha taa.

Mchezo ulikwenda. Watu walicheka mpaka mwokaji mstaafu wa safu ya tatu akatoa meno yake ya bandia akayatia mfukoni kwa usalama. Otylie alisikia maneno yake yeye, ya meza yake ya jikoni, yanavuma ukumbini na kurudi na vicheko, na ilikuwa raha asiyowahi kuijua. Lakini kadiri kurasa zilivyokuwa zinageuka alizihesabu. Hamsini na nane. Hamsini na tisa. Sitini.

Vlasta, amevaa kofia yenye manyoya, akamshika Radim mabega, akamgeuza kuelekea mlango, akampiga goti ambalo halikuandikwa popote. Watu wakapiga makofi, goti hilo walilijua.

"Vunjika shingo, mpenzi wangu!"

Radim akafungua mdomo. Akatazama mguu wa Vlasta. Akafunga mdomo.

 Kwenye pembe ya jukwaa daktari alikuwa anapunga mikono, midomo yake ikiumba neno: asante, asante! Radim akatikisa kichwa kidogo tu, jasho limemteremka mpaka kwenye soksi. Hapo mwigizaji hufanya jambo moja. Hutazama shimo.

Radim akatazama shimo.

Kidole cha Otylie kilikuwa tayari juu ya mstari. Mnong'onezaji hana neno lake, hiyo ndiyo kazi. Hunong'ona kilichoandikwa, hicho tu, na kwa miaka kumi na moja Otylie hakuwahi kuongeza wala kupunguza silabi. Na kilichoandikwa ni asante. Ukumbi uleule, desturi ileile, na juu yake amesimama Vlasta yuleyule, na yeye ndiye wa kulisema tena. Akainua macho. Vlasta hakuwa akimtazama Radim. Alikuwa ameinamisha kofia yake ya manyoya na anatazama ndani ya shimo, moja kwa moja, usoni, na alikuwa anasubiri. Lile daftari alikuwa amelisoma. Alijua neno gani lilipaswa kuwa pale.

Otylie akaisukuma karatasi kando.

"Shetani akuchukue, Vlasta!"

Hakunong'ona. Ilitoka kwa sauti ya dirisha namba mbili siku ya malipo ya pensheni, sauti inayofika mwisho wa foleni. Ilifika mpaka kwa watoto waliokuwa juu ya ngazi.  Halafu mwokaji wa safu ya tatu akaangua kicheko, kinywa kitupu, na nyuma yake Rokytín nzima, maana Rokytín nzima ilikuwa inajua. Watu walipiga makofi, walipiga miguu chini, mtu mmoja alilia waziwazi. Daktari Mlejnek alikishika kichwa chake kwa mikono miwili. Radim alijikalia tu juu ya sanduku la safari la mpwa, amepona.

Vlasta hakucheka. Alisogea mpaka ukingoni mwa jukwaa, mguu unamvuta, akainama kwa shida, akakipiga kile kifuniko cha mbao kwa goti. Pa! Vumbi la miaka likamwagikia Otylie kwenye nywele. Akabaki pale amekishika kifuniko, kofia imepinda, na ikaonekana wazi kwamba hajui kinachofuata. Vituo, mikato, kila kitu kilikuwa kimemtoka.

"Otka," akasema. "Nimesahau. Nipe mstari wangu."

Hakumtuma Slávek. Alisema mwenyewe. Otylie akashusha macho kwenye karatasi, na herufi zote zilikuwa zinaogelea.

"Siuoni," akasema.

"Huuoni vipi?"

"Nalia, Vlasta."

"Naona kwamba unalia, mjinga wewe. Mimi nimesimama na mguu mmoja hapa. Futa macho, tafuta, watu wanasubiri."

Otylie akafuta macho kwa mkono wa sweta, akatafuta kwa kidole, mstari kwa mstari, ukumbi mzima umetulia unamngoja. Akaupata. Akaunong'ona, polepole, kila neno mahali pake, kama inavyotakiwa. Vlasta akausikiliza mpaka mwisho, akaiweka kofia yake sawa, na kabla hajanyooka akamwinamia karibu kabisa.

"Asante," akasema. "Karibu tena."